Mwanamke Asiyenyimwa

Sweta lile Kagure angelitambua hata kwa kulipapasa. Alilifuma mwenyewe, miezi miwili mizima, kwa sufi ya kahawia aliyoifumua kutoka kwenye mitandio miwili mikuukuu. Chini alizungusha mstari wa kijani, kwa sababu sufi ya kahawia ilimwishia kabla ya kufika kiunoni. Hapakuwa na sweta lingine kama hilo katika nchi yote ya Embu. Na sasa lilikuwa linashuka kutoka kwenye lori langoni mwa kambi, na ndani yake alikuwemo Jedidah.

Mguu wa Kagure ukaganda juu ya kanyagio la cherehani.

"Mama," akasema.

"Nimeona," akajibu Igoki, mama yake, bila kuinua uso. Alikuwa kwenye cherehani ya pili, akitia kiraka kwenye makalio ya kaptura ya kaki. "Nilimwona tangu anainua mguu kushuka. Kanyaga cherehani, mwanangu. Nguo hazijishoni."

Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, mwezi wa Julai mwaka wa hamsini na saba, na baridi ya msimu huo ilikuwa imetanda hadi huku tambarare ambako kwa kawaida jua halina huruma. Mama na binti walifanya kazi katika chumba cha ushonaji cha kambi ya vijana. Waliokaa humo walikuwa vijana walioshikwa wakati wa Hali ya Hatari, wengine wadogo wasioota ndevu, wengine wamefika miaka ishirini. Walifundishwa kusoma, kufyatua matofali, useremala na ushonaji wa viatu. Kijana akishatengenea hakufunguliwa tu lango akaambiwa nenda. Ilibidi kwanza apatikane mtu wa kusema, "Huyu mleteni kwangu, mimi nitampokea." Na kazi ya kuwatafuta watu hao ilikuwa ya Jedidah. Ndiye aliyepanda malori hadi vijijini, akaketi na wazazi wenye hasira na wazazi wenye aibu, akawabembeleza wawakubali watoto wao.

Kazi njema. Kagure mwenyewe aliwahi kuisifu, siku za nyuma, kabla hajaanza kuota usiku viatu vyeusi vya Jedidah.

"Alimwomba Riungu wako kalamu ya risasi, akapewa," akasema Igoki, akikata uzi kwa meno. "Alimwomba kigoda, akapewa. Kigoda kile, mwanangu, kilikuwa changu. Riungu aliniahidi mimi kwa kinywa chake, na nilikwisha hata kujua pa kukiweka. Yule akasema tu, 'Riungu, kigoda hiki nakitaka,' na kikaondoka. Sasa sweta. Mimi sisemi kitu."

"Umesema tayari, Mama."

"Nimehesabu tu. Kuhesabu si kusema."

Kagure akakanyaga cherehani. Wivu ni kama moshi wa kuni mbichi, hukutoa machozi kabla hujaona moto wenyewe. Alimtazama Jedidah akipita uani na mkoba wake, mrefu, mwendo wa pole, Mmeru wa watu, akisimama kumsaidia mpishi kuinua sufuria la githeri lililomzidi nguvu, kisha akaendelea na safari yake. Hata wema wake ulimuudhi Kagure siku hiyo. Afadhali angekuwa mtu mbaya.

Riungu alikuwa kijana wa Ruiri, huko Meru, na sasa alikuwa ametimiza miaka ishirini. Alipokuwa na miaka kumi na saba vijana wa rika lake walimshawishi, naye akafungua zizi la baba yake akawatolea mafahali wawili, wakaswagwa hadi msituni kuwalisha wapiganaji waliopigana na serikali ya wakoloni. Baba yake, mzee Hezekiah, aliamka akakuta zizi liko wazi na mwanawe hayupo. Kijana aliposhikwa, mzee alitamka neno moja tu, kwamba yeye hana mtoto wa jina hilo. Kwa miaka mitatu hakulibadili.

Kagure alikuwa na miaka kumi na tisa. Penzi lao lilianzia kwenye dirisha la chumba cha ushonaji, mahali vijana walipoletea nguo zilizochanika. Mifuko ya kaptura ya Riungu ilichanika kuliko ya vijana wote wa kambi, hadi siku moja Kagure akamwambia, "Wewe, mfukoni unaweka nini, nungunungu?" Naye akajibu, "Naweka hamu ya kuja dirishani." Tangu siku hiyo Kagure hakupona.

Na mambo yalikuwa karibu kunyooka. Baba yake Kagure, fundi Ndwiga, ndiye aliyewafundisha vijana useremala. Alikuwa amejaza karatasi ya kumchukua Riungu awe msaidizi wake katika karakana ya kijijini, nyumba ya nne kutoka kwao. Kesho, Jumamosi, kabla ya saa sita, bwana mkubwa wa kambi angeitia sahihi. Riungu angetoka, angefanya kazi, na kisha angetuma wazee. Igoki hakuipenda karatasi ile. Mmeru, tena aliyemwibia baba yake! Lakini Ndwiga alikuwa amesema, na Ndwiga alisema mara chache.

Kivuli kikaanguka dirishani.

"Hodi wenyewe," akasema Riungu, na kaptura mkononi. "Mama Kagure, hujambo? Mfuko umechanika tena."

"Sijambo. Weka hapo," akasema Igoki.

Riungu alisimama katika shati jembamba la kambi, mikono yake imesimama vinyweleo kwa baridi. Kagure aliviona vile vinyweleo, na badala ya kumhurumia kama siku zote, moyo wake ukapiga teke.

"Unasikia baridi?" akamuuliza.

"Kidogo."

"Pole. Watu wenye sweta hawasikii baridi. Wewe hukuwa na sweta?"

Riungu akatazama chini. "Kagure, aliniomba."

"Aliniomba! Na mimi nikikuomba hilo shati utalivua?"

"Alikuwa anakwenda Ruiri juu ya lori. Unajua upepo wa mlima ulivyo huko. Aliniambia, 'Riungu, nipe sweta hilo.' Ningefanyaje?"

"Ungefungua mdomo ukasema hapana. Neno lenyewe fupi. Watoto wa darasa la kwanza wanaliandika."

"Kwake siwezi."

"Huwezi?"

"Mtu kama yule hanyimwi," akasema Riungu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua inanyesha. "Wewe mwenyewe unajua."

Kagure alisimama hadi kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi ninajua? Mimi ninajua nini? Ninajua kwamba nilifuma sweta lile mpaka vidole vikaota sugu. Ninajua kwamba mama alinyang'anywa kigoda chake. Ninajua kwamba yule akicheka, wewe unasimama wima kama askari. Mwambie, Mama!"

Igoki akasafisha koo. Alionekana kama mtu mwenye neno kwenye ncha ya ulimi. Kisha akalimeza. "Mimi nashona," akasema.

"Kagure, mambo haya hayasemwi dirishani," Riungu akaanza. "Ni mambo ya kwetu, tena ya kuogopwa..."

"Basi hamieni huko kwenu, wewe na mambo yako na yeye!"

"Mnanigombania mimi, au kuna Jedidah mwingine?"

Alikuwa amefika bila kusikika. Jedidah aliweka mkoba wake juu ya kizingiti cha dirisha, akatabasamu, kisha akaona nyuso zao na tabasamu likafifia taratibu. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minne hivi, macho yamechoka kwa vumbi la njia. Akavua sweta, akalikunja kwa uangalifu, mikono ndani kwanza, akamkabidhi Riungu.

"Asante. Bila hili ningefika Ruiri nimekufa. Na wewe, mwari," akamgeukia Kagure, "unafuma vizuri. Kila aliyeliona aliniuliza."

Kagure akalipokonya mikononi mwa Riungu. Alitaka kulitupa, lakini mikono ya fundi nguo haitupi kitu kabla ya kukikagua. Na ndipo alipoona. Kwenye kiwiko cha kulia palikuwa pamechakaa tangu mwezi wa Mei, naye alikuwa amepanga kupatengeneza. Sasa palikuwa pamefumwa upya, kwa nyuzi nyeusi, mishono midogo iliyopangwa kama mbegu za mtama. Mtu alikuwa amekaa, akavuta pumzi, akashona kwa upendo. Na mtu huyo hakuwa yeye.

Damu ikampanda masikioni. Kuvaliwa ni jambo moja. Lakini kuingiza sindano kwenye kazi ya mwanamke mwingine!

"Riungu," Jedidah alikuwa anasema, "sikia, sina muda, bwana mkubwa anangoja habari zangu. Baba yako amekubali."

Riungu akashika ukingo wa dirisha. "Amekubali nini?"

"Kukupokea. Mara ya nne niliyokwenda, ndiyo amekubali. Atachinja kondoo, mtaketi na wazee, yaishe. Utamchungia ng'ombe mwaka mmoja mahali pa wale mafahali, mwenyewe, kwa mkono wako. Lakini amesema utoke hapa moja kwa moja hadi kwake. Ukipitia kwanza kwa mtu mwingine, ukafanya kazi kwa mtu mwingine, usije tena. Lori linarudi kesho asubuhi."

"Kesho," akasema Riungu. "Lakini kuna karatasi ya fundi..."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza." Jedidah akasema polepole, akimtazama usoni, "Riungu, nakuomba. Mimi nakuomba uende kesho kwenu."

Kagure alimtazama Riungu. Alimwona akigeuka kumwangalia yeye, macho yamejaa maumivu. Mwaka mzima! Na siku hizo mtu hakuondoka tu Meru akaja Embu kumtembelea mpenzi wake. Pasi ya kusafiri ilitafutwa kama dawa, na wengi waliikosa. Sema hapana, Kagure alimwomba kimoyomoyo. Mara hii moja tu. Sema hapana.

"Nitakwenda," akasema Riungu.

Hata hakubishana. Hata hakuomba siku moja ya kufikiri. Kagure alilibwaga sweta juu ya cherehani, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, na nyuma yake akasikia sauti ya mama yake ikiita jina lake, ikiita kama mtu aliyeunguza chakula.

Karakana ya useremala ilikuwa ng'ambo ya kiwanja cha mpira. Fundi Ndwiga alikuwa peke yake, vijana wamekwenda mazoezi, akipiga randa ubao wa mkangu. Maranda ya mbao yalikuwa yamemfunika miguu.

"Baba, ile karatasi ya Riungu ichane."

Randa ikasimama. Ndwiga alimwita binti yake "mama," kwa kuwa ndiye aliyebeba jina la marehemu mama yake, na hakuwahi kumwita vinginevyo. "Imekuwaje, mama?"

"Hana haja nayo. Anakwenda Meru na Jedidah. Ameambiwa twende, akasema twende. Mimi nimekuwa mjinga wa kufuma masweta. Ichane, Baba, au nipe niichane mimi."

Ndwiga akatoa karatasi kwenye mfuko wa aproni, akaitazama, akairudisha. "Fundi hapimi ubao macho yakiwa na machozi," akasema. "Utakata pafupi, na ubao haurefuki tena. Keti hapo. Lia kwanza."

"Silii."

"Basi keti bila kulia."

Akaketi juu ya rundo la mbao, na bila shaka akalia. Baba yake akaendelea kupiga randa polepole, bila kumtazama, ili asione aibu. Hivyo ndivyo alivyokuwa mzee yule. Wengi wangemkaripia.

Haukupita muda, mlango ukajaa watu wawili. Jedidah alitangulia, akihema kwa kuvuka kiwanja mbio na viatu vyake vyeusi. Nyuma yake Igoki, mikono ameifunga tumboni.

"Fundi, nisamehe kuingia hivi," akasema Jedidah. "Nataka kusema na binti yako."

"Sema naye. Masikio ni yake."

"Sina la kusikia," akasema Kagure. "Umeshinda. Mchukue. Umekwisha hata kumshonea kiwiko."

Jedidah akakunja uso. "Kiwiko?"

"Kiwiko cha sweta! Unadhani mimi sijui mshono wangu?"

"Ai, mwari!" Jedidah akaziba mdomo kwa kiganja. "Mimi? Mimi siwezi kushona hata kifungo. Kiwiko kile alikishona mama yake Riungu."

Ndwiga akaiweka randa chini.

"Nilipoingia kwao," akaendelea Jedidah, sauti imeshuka, "yule mama aliniuliza sweta hili la nani. Nikamwambia, la mwanao. Akaniomba nilivue. Akaliweka usoni hivi, akalinusa, mpaka nikatazama kando. Kisha akaona kiwiko. Akatoka na sweta akaketi mlangoni penye mwanga, akashona. Miaka mitatu hajapata cha kumshonea. Aliuliza nani amelifuma. Nikamwambia, msichana mmoja wa Embu anayempenda. Akasema, 'Mungu ambariki, basi hakuwa na baridi.'"

Kagure alitazama maranda. Hakuwa na pa kuweka uso wake.

"Na mzee Hezekiah?" akauliza Ndwiga.

"Mzee hakunijibu kitu. Mara tatu za kwanza aliniacha uani na kuku. Safari hii aliniacha vilevile, nikaaga. Lakini nilipoondoka akanisindikiza, hatua mbili nyuma yangu, hadi barabarani. Lori lilipoonekana ndipo akauliza, 'Anakula vizuri?' Nikasema anakula. Akasema, 'Mwambie aje.' Kisha, lori likingoja, akataja masharti yake, yale niliyoyasema dirishani."

"Basi ungemwambia hivyo," akasema Kagure, akipangusa pua, wivu bado umemshika shati. "Mbona unamwomba? Mbona kila kitu unamwomba, naye kila kitu anakupa? Kalamu, kigoda, sweta, na sasa mwenyewe! Ni nini kati yenu?"

Jedidah akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Hajakuambia? Ukoo wetu na ukoo wake ni gichiaro."

"Ni nini hicho?"

"Babu zetu walikula kiapo, zamani, kwa damu. Tangu hapo mimi na yeye ni kama waliozaliwa tumbo moja, tena kuzidi. Hawezi kuninyima ninachomwomba, wala mimi siwezi kumnyima. Anayenyima hupata laana. Na kuoana," akatikisa kichwa, karibu acheke, "mwari wangu, heri niolewe na ndugu yangu! Hata kunitazama kwa jicho hilo anaogopa. Ndiyo maana anasimama wima kama askari. Ananiogopa mimi kama radi."

"Mbona hakusema?"

"Kwetu hata mtoto analijua. Nadhani alifikiri linajulikana dunia nzima."

"Lilijulikana," ikasema sauti ya chini mlangoni.

Wote wakamgeukia Igoki. Mama mtu alikuwa anatazama vidole vyake.

"Nilipokuwa msichana nilikuwa napeleka mtama soko la Igoji, huko Meru," akasema. "Siku moja, mvua inanyesha, nikamwona mtu amevua blanketi lake barabarani akampa mwingine aliyemwomba, akabaki ananyeshewa. Nikacheka. Wenyeji wakanikanya, wakanieleza. Nilijua, Kagure. Tangu siku ya kigoda nilijua."

"Mama! Na ukaniacha?"

"Ruiri ni mbali," akasema Igoki. "Nina binti mmoja. Nilisema moyoni, acha awe na wivu, wivu utamrudisha nyumbani bila mimi kusema kitu. Nilisema sitasema uongo, nitanyamaza tu. Sasa naona kunyamaza nako kunaweza kuwa uongo."

Kagure alifungua mdomo apayuke, akamwona mama yake alivyojikunja kwenye fremu ya mlango, akaufunga. Ndwiga alisogeza ubao mmoja kwa mguu, akamwambia mkewe, "Keti, Igoki, umesimama sana." Naye akaketi kando ya binti yake, nusu ya mkono baina yao.

"Mimi pia nina kosa," akasema Jedidah. "Kigoda na kalamu ilikuwa mzaha wa gichiaro, kwetu tunachezeana hivyo. Sweta niliomba kwa sababu ya baridi. Lakini hili la leo nilifanya kwa kusudi. Nilijua nikimshauri tu atakataa, kwa ajili yako. Nikatumia ombi lisilokatalika, kwa sababu ya yule mama na sindano yake. Sikukuwaza wewe. Nilikuja kukuambia kwamba mwenye kuomba ndiye peke yake anayeweza kulegeza ombi. Nikisema nimeliondoa, yuko huru. Karatasi ya baba yako itatiwa sahihi kesho, na atakaa hapa, nyumba ya nne kutoka kwenu." Akashusha pumzi. "Sitamuuliza yeye, maana atasema lolote ninalotaka. Nakuuliza wewe. Niliondoe?"

Ilikuwa sekunde chache tu, lakini ilimpitia Kagure miaka ndani yake. Nyumba ya nne. Angemwona kila asubuhi akipita na msumeno begani. Jioni angempelekea uji. Neno moja, ndiyo, na vyote vingekuwa vyake. Jedidah angeliondoa, na hakuna mtu angemlaumu.

Lakini kila alipolifikisha neno lile mdomoni, alimwona mwanamke asiyemjua, ameketi mlangoni penye mwanga, anashona polepole ili kazi isiishe upesi.

"Baba," akasema, "ungekuwa wewe yule mzee, ungemwita tena mwanao asipokuja kesho?"

Ndwiga akafikiri kwa haki. "Hapana, mama. Mimi nisingemwita hata mara hii ya kwanza. Yule amenishinda."

Kagure akasimama, akakung'uta maranda kwenye sketi. "Usiliondoe," akamwambia Jedidah. Kisha, kwa kuwa wivu hautoki siku moja kama jino, akaongeza, "Na huko Ruiri, ukipita kwao, usimwombe kitu kingine. Ukikosa kitu, niandikie barua mimi. Nitakutumia."

Jedidah akacheka kwa sauti, akamshika bega. "Nimekubali. Hata sindano?"

"Hata sindano. Hujui kuitumia, umesema mwenyewe."

Kagure alimkuta Riungu bado pale dirishani, upande wa nje, kana kwamba angepewa adhabu akiondoka. Mazoezi ya mpira yalikuwa yamekwisha, na vijana walipita wakielekea bombani kuoga, wakikohoa kohoa na kuwaonyesha kwa viwiko. Mmoja akapaza sauti, "Riungu, mfuko umepona?" Wakacheka wakaenda zao.

"Jedidah amenieleza," akasema Kagure. "Na mama yako ndiye aliyeshona kiwiko. Baba yako aliuliza kama unakula vizuri."

Riungu aligeuza uso kuelekea mlimani, ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu, na Kagure akamngoja. Alipogeuka tena, kope zilikuwa zimelowa.

"Aliuliza hivyo?"

"Aliuliza hivyo. Nenda, Riungu. Jedidah alitaka kukuondolea ombi lake, mimi nimekataa. Kesho panda lori."

"Ni wewe umekataa?"

"Ni mimi. Na usinisifu, bado nina hasira. Kwa nini hukunieleza tangu siku ya kwanza?"

"Nilidhani unajua. Kisha ulipoanza kukasirika, nikaogopa. Nilifikiri utasema mimi ni mtu wa viapo, na baba yako ataichana karatasi." Akapangusa macho kwa mkono wa shati. "Nimemwibia baba yangu, Kagure. Mtu kama mimi hana maneno mengi ya kuaminiwa. Ninayo machache, nayatunza."

Walitazamana. Jua lilikuwa limepata upenyo mdogo, likampiga Riungu shavuni, na Kagure akaona jinsi alivyokuwa amekonda, jinsi alivyokuwa mzuri, na jinsi mwaka mmoja ulivyo na siku nyingi. Wasichana wa Ruiri nao wana macho. Wazo hilo likamchoma, akaliacha limchome.

"Sasa mimi," akasema Riungu, "naweza kukuomba kitu?"

"Omba."

"Ningoje."

Kagure akaegemeza viwiko kwenye kizingiti cha dirisha. "Mimi si gichiaro wako, Riungu. Mimi naweza kukunyima."

"Najua."

"Naweza kusema hapana sasa hivi, nikafunga dirisha hili, na hakuna laana itakayonipata."

"Najua, Kagure. Ndiyo maana naogopa."

"Basi omba tena. Omba vizuri, kama mtu anayeweza kunyimwa."

Riungu akavua kofia ya kambi, akaikunja mikononi. Alisogea hadi pumzi zao zikakutana katika baridi ile.

"Kagure wa Ndwiga," akasema, "nakwenda kumchungia baba yangu ng'ombe mwaka mmoja. Sina kitu. Nakuomba uningoje. Nikimaliza nitarudi na wazee, kwa pasi au bila pasi nitatafuta njia. Nakuomba."

Kagure alimwacha asimame pale, kofia mikononi, angoje kama yeye alivyongoja neno kutoka kinywani mwake mchana ule. Ndani, cherehani ya Igoki ilikuwa imeanza tena, kisha ikasimama, na Kagure alijua mama yake anasikiliza.

"Sikunyimi," akasema.